Mbu mkubwa wa buluu aliyetoka kwenye kisiki cha mwanzi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina kitalu cha miche Muheza, upande wa kuelekea milima ya Usambara. Nyuma ya kibanda kuna visiki vya mianzi tuliyokata mwaka jana na tairi kuukuu tatu. Mvua zimeanza na vyote vimejaa maji. Nilichota maji ya kisiki kimoja kwa kikopo, nikakuta viluwiluwi wa kawaida na mmoja mkubwa ajabu, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Nikawatia wote kwenye chupa. Siku kadhaa akawa anawala wenzake. Kisha asubuhi moja nikakuta waliobaki wamelala chini ya chupa, wamekufa, hawajaliwa hata kidogo. Yeye akageuka pupa, na leo ametoka mbu ambaye sijapata kumwona: mkubwa, anang'aa buluu na zambarau, mdomo umepinda kama ndoana. Je, anauma? Analeta malaria? Na kama anakula mbu wenzake, kwa nini tusimfuge badala ya kununua dawa kila mwezi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo haumi, wala hawezi hata akitaka. Nimefurahi kwamba hukumpiga kofi, maana wengi wakimwona kwa ukubwa wake hudhani ndiye baba wa mbu wote wanaotunyonya.

Kwa ulivyomweleza ni mbu wa jenasi Toxorhynchites, na kwa pande zetu nina hakika karibu yote kwamba ni Toxorhynchites brevipalpis. Jenasi hiyo ina aina zipatazo 90 duniani, nyingi zikiwa za nchi za joto, na ndani yake wamo mbu wakubwa kuliko wote wanaojulikana. Mimi humwita mbu mla-mbu.

Umtazame tena mdomo. Mrija wa mbu wa kawaida umenyooka kama sindano, na ndani yake mna vijisu vya kupasulia ngozi. Wa huyu ni mnene mwanzoni, kisha unachongoka na kukunjika kurudi nyuma, chini ya kifua. Mrija wa namna hiyo haupenyi ngozi ya mtu, ya ng'ombe wala ya kuku. Dume na jike wote wanaishi kwa nekta ya maua, utomvu na maji ya matunda. Kwa kuwa hamnyonyi mtu damu, hana njia ya kuchukua vimelea vya malaria kwa mgonjwa na kumpelekea mzima. Kwa sababu hiyohiyo watafiti wa virusi waliwahi kuwatumia ndugu zake kuoteshea virusi vya dengi maabara: ni wakubwa, ni rahisi kuwachoma sindano, na hata mmoja akiponyoka hamuumi mtu.

Sasa utauliza, mayai anayatoa wapi bila damu? Mbu jike wa kawaida hanywi damu ili ashibe. Anaitafuta kwa ajili ya protini ya kutengenezea mayai. Huyu wa kwako protini hiyo ameshaiweka akiba mwilini tangu akiwa kiluwiluwi, kwa kula wenzake. Kwa hiyo kile ulichokiona kwenye chupa ndicho kinachomwachia huru asimguse mtu maisha yake yote.

Ukibahatika kumpata mwingine, mtie kwenye bakuli jeupe, tupia viluwiluwi wawili watatu wa kawaida, kisha kaa kimya utazame. Hamkimbizi mtu. Anajining'iniza chini ya uso wa maji, mrija wa kupumulia juu, kichwa chini, ametulia kama kijiti. Anachongoja ni mtikisiko wa maji. Kiluwiluwi mwingine anapopita akijipindapinda, utaona kile kichwa kikubwa kinageuka polepole kumfuata, halafu kinafyatuka, na jicho lako haliwahi kuona katikati palitokea nini. Brashi za mdomoni ambazo viluwiluwi wengine huchujia uchafu na chembe za chakula, kwake zimekuwa nywele ngumu za kunasia. Zikishalinasa windo, taya zinamalizia. Kabla hajawa pupa anaweza kuwala mamia, na wengi wao huliwa katika hatua yake ya nne, ya mwisho, ambapo tumbo lake halijui kushiba.

Na hamhurumii hata ndugu yake wa tumbo moja. Mayai yakianguliwa mengi kwenye tundu moja la mti, wakubwa huwala wadogo, na mara nyingi mwisho unamkuta mmoja tu, au wachache. Ndiyo maana kisiki chako kilikuwa na mmoja.

Hao waliokufa bila kuliwa ndio walionipa hamu ya kukujibu kwa urefu, kwa sababu umeona kitu ambacho wanafunzi wangu wengi husoma tu. Siku chache kabla ya kuwa pupa, kiluwiluwi huyu hubadilika tabia: anaua bila kula. Anamkamata, anamminya, anamwachia azame, anangoja mwingine. Philip Corbet, mtafiti wa wadudu aliyefanya kazi Entebbe, aliandika juu ya tabia hii kwa mbu wa Uganda katika miaka ya 1960. Maelezo ninayoyakubali ni haya: pupa anaweza kuogelea, lakini hana mdomo wa kujitetea, na kwa siku tano au sita atakuwa windo la yeyote mwenye taya aliyemo majini, hasa ndugu zake mwenyewe. Basi anafagia nyumba kabla ya kulala. Kama ungeliandika tarehe uliyowakuta wale maiti na tarehe aliyogeuka pupa, ningeshukuru sana kuzipata.

Utagaji wake nao ni wa kipekee. Niliuona kwa karibu mara moja, kwenye njia ya kupanda Amani, mbele ya mti wenye tundu la ukubwa wa kikombe. Jike hakutua kabisa. Alikuwa anaruka kwa mizunguko ya juu na chini mbele ya tundu, kila duara likiwa dogo kuliko lililotangulia, kisha akalirusha yai ndani hali yuko hewani, akaenda zake kama hakuna kilichotokea. Nilipochungulia kwa tochi, yai jeupe dogo lilikuwa linaelea juu ya maji meusi. Huanguliwa baada ya siku mbili hivi.

Sasa suala la kumfuga. Hapa lazima nikwambie kweli yote, hata kama mimi mwenyewe nampenda mbu huyu.

Hatakusaidia kwa malaria. Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, anataga kwenye vidimbwi vya wazi vyenye jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, matairi ya gari yalipopita kwenye tope. Mla-mbu anataka kivuli na chombo: tundu la mti, kisiki cha mwanzi, tairi, kopo. Hawa wawili hawakutani. Hatakusaidia pia kwa wale mbu wa usiku wa vyooni, Culex, kwa sababu maji machafu ya shimo la choo si mahali pake. Neti haina mbadala hapo.

Anayekutana naye ni Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, mbebaji wa homa ya dengi, ile tuiitayo kidingapopo, na wa chikungunya, ugonjwa ulioelezwa kwanza baada ya mlipuko wa 1952 hadi 1953 huko uwanda wa Makonde, na ambao jina lake ni la Kimakonde, kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa. Uadui wa mbu hawa wawili umechunguzwa kwetu hapahapa. Milan Trpis aliufanyia kazi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye kidogo L. P. Lounibos akamfuatilia mla-mbu huko Rabai, pwani ya Kenya. Huyu wa kwetu wa Afrika alisafirishwa hata Hawaii katika miaka ya 1950 ili akale mbu wa huko, na New Orleans walijaribu ndugu yake wa Asia katika miaka ya 1980, wakimwachia mitaani pamoja na dawa ya kupuliza. Aedes walipungua lakini hawakuisha.

Sababu utaiona kwenye tairi zako mwenyewe. Kiangazi zikikauka, mayai ya Aedes yanabaki yamegandamana na mpira na yanaweza kungoja miezi. Mvua ya kwanza ikinyesha, yanaanguliwa palepale. Yai la mla-mbu likikauka limekufa. Yeye inabidi aje kutoka msituni, alitafute tairi, atage, kisha mtoto wake akue wiki mbili, tatu au zaidi. Kufikia hapo kundi la kwanza la Aedes limeshapata mbawa na limeshakuuma. Kiluwiluwi mkubwa ana uvumilivu mkubwa wa njaa, anaweza kukaa wiki nyingi bila windo, lakini uvumilivu huo haumrudishii siku alizochelewa. Na ukitaka kuwazalisha wengi, kila mmoja umtie kikopo chake na umlishe viluwiluwi wengine kila siku, la sivyo wataliana. Ni kazi ya maabara yenye watu na fedha. Mkulima wa miche haiwezi.

Jambo jingine: usione kiluwiluwi anayekula wenzake ukadhani wote ni wapole wakikua. Yuko mbu mwingine, Lutzia tigripes, anapatikana sehemu nyingi za Afrika, hukaa hata kwenye madimbwi ya chini. Mtoto ni mwindaji hodari, lakini mama yake anakunywa damu, hasa ya ndege.

Kwa hiyo tairi zimwage leo, zitoboe au ziweke chini ya paa. Visiki vilivyo karibu na kibanda vijaze mchanga mpaka juu. Vile vya pembezoni, kule ambako hakuna mtu anayekaa, mimi ningeviacha.

Huyo wa kwenye chupa mpe pamba iliyolowekwa maji ya sukari, na kesho asubuhi mfungulie penye kivuli karibu na mianzi. Kabla hajaruka angalia vipapasio vyake. Vikiwa na manyoya mengi kama unyoya laini wa kifaranga, ni dume. Vikiwa na nywele chache tu, ni jike, na huenda akarudi kutaga kwenye vile visiki vya pembezoni. Nijulishe alikuwa yupi.