Ile mashine nyekundu mliyoniona nayo

Wiki iliyopita niliwatumia kivideo kwenye grupu ya ukoo: mimi, na koti langu kama godoro, nasukuma mashine nyekundu inayotema theluji juu kama bomba la maji lililopasuka. Mkacheka mpaka basi. Bibi akauliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoiendea Marekani. Na wewe mwanangu wa Kisauni ukaniandikia pembeni: "Shangazi, mimi na injini tushazoeana kwenye tuktuk. Nikija huko, hiyo mashine haitanilisha?" Nakujibu mbele ya wote, maana najua si wewe peke yako unayewaza hivyo.

Kwanza, pale silipwi hata senti. Hapa Minneapolis theluji ikishakoma kuanguka, mwenye nyumba ana saa 24 awe amesafisha njia ya wapita kwa miguu mbele ya kwake. Asiposafisha, manispaa huleta watu wao na bili anatumiwa yeye. Sasa niangalie mimi: natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, saa moja asubuhi, miguu imevimba, nafika nyumbani nakuta gari la kufagia theluji barabarani limepita na kunizibia mlango wa ua kwa ukuta wa theluji unaofika magotini. Na si ile laini mnayoiona kwenye picha. Imeshindiliwa, ina mabonge ya barafu. Nikisema nilale kwanza, jioni itakuwa zege. Beleshi nilijaribu mwaka wa kwanza, mgongo ukaniambia basi. Ndipo nikanunua mashine, ya mtumba.

Wewe wa injini utaielewa upesi. Mbele kuna skrubu kubwa ya chuma yenye meno, inaivuta theluji ndani. Nyuma yake kuna feni, inaipokea na kuirusha nje kupitia bomba unaloweza kuligeuza kulia na kushoto. Kwenye mikono ya kushikia kuna klachi mbili, moja ya magurudumu, moja ya skrubu. Ukiziachilia, vyote vinasimama. Kuna watu huifunga ile klachi kwa kamba ili wapumzishe vidole. Hao wanajichimbia kaburi wenyewe.

Usiiwashe ndani ya gereji ukafunga mlango eti unakimbia baridi. Mnalijua jiko la makaa lililoachwa chumbani usiku. Moshi wa injini ni mauti hayo hayo. Itoe nje kwanza. Petroli jaza injini ikiwa baridi, si katikati ya kazi wakati chuma bado kinachoma.

Halafu upepo. Siku yangu ya kwanza nililielekeza bomba upepo unakotoka, nikarudi ndani nimekuwa mweupe kuliko sanda, maji yananitiririka mpaka kifuani. Mjukuu wa nahodha mzima, nimesahau kwamba maji humwagwa upande wa demani! Tangu hapo naanzia katikati ya njia, naitupia theluji upande mmoja nikienda na upande wa pili nikirudi, kila mstari ukiupanda kidogo ule wa kwanza. Ukianzia pembeni utaihamisha theluji ile ile mara mbili. Bomba halielekezwi kwenye dirisha la jirani wala mahali mtoto anaweza kutokea, kwa sababu kijiwe kikiingia mle hutoka kama cha teo. Ndiyo maana kabla theluji haijaanza naokota kila kitu uani: mpira wa maji, magazeti, midoli. Na penye changarawe vile viatu vya chuma vya pembeni, ambavyo mbele ya mashine huteleza juu yake, hurekebishwa ili skrubu iinuke, isikwangue mawe.

Haraka haifai. Baridi ikiwa kali, theluji ni kavu kama unga wa ngano na inaruka vizuri. Joto likikaribia sufuri inakuwa ugali, inaganda ndani ya bomba, mashine inakohoa tu. Hapo ndipo watu hupoteza vidole.

Mwaka wangu wa tatu, mwezi wa Machi, bomba liliziba. Nilizima injini, nikachomoa ufunguo, nikajiona mwerevu. Kile kijiti chake maalumu nilikuwa nimekipoteza, nikachukua mpini wa fagio, nikautia ndani nikachokoa. Lile bonge lilipoachia, feni ikajizungusha, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu! Mpini ukakatika, nikabaki na kipande cha urefu wa mwiko. Mkanda unaoizungusha feni ulikuwa bado umebana nguvu. Nilikaa chini kwenye theluji nikautazama mkono wangu, nikauhesabu vidole kimoja kimoja kama mtoto wa chekechea. Mashine ya maji ya miwa mnaijua: haichagui muwa wala kidole. Hii ni hiyo hiyo, ila hii hata ikilala inaweza kuuma. Kazini kwetu kuna mzee hana vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilipomuuliza, alinionyesha dirishani kulikokuwa kukianguka theluji, basi.

Sasa naizima, nasubiri mpaka kila kitu kitulie, nachokoa kwa kijiti, mkono hauingii. Nikimaliza kazi naiacha skrubu izunguke dakika chache itikise theluji iliyobaki, isije ikaganda mle ndani.

Kuhusu kulishwa nayo. Wapo wanaolipwa kusafisha theluji, lakini anayeona pesa ni mwenye gari lenye sepetu kubwa mbele, na bima, na vibali vyake vyote. Huamka saa nane usiku. Na theluji haina mkataba na mtu. Wenyeji mpaka leo wanasimulia dhoruba ya mwaka 1991, iliyoanza tarehe 31 Oktoba ikamwaga zaidi ya sentimita 70. Upo pia mwaka ambao mashine yangu niliitoa mara nne tu. Ungekuwa unategemea hiyo, ungekula nini mwezi wa Februari? Tuktuk yako inaingiza kitu kila siku, hata kama ni kidogo na askari wanakusumbua. Ukitaka kuja, njoo na ufundi wenye cheti, tutazungumza hilo kwa simu.

Na Bibi, ndiyo, hiyo ni mojawapo ya kazi nilizoziendea. Ile nyingine ni ya usiku, ya kuwageuza wazee kitandani. Hiyo ndiyo inayolipa karo.