Yeye Ana Jumamosi Yake, Mimi Nina Makombo ya Wiki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Moshi, nina umri wa miaka 37, na mume wangu ni mhasibu katika ofisi moja iliyoko Arusha. Tuna watoto wawili, mmoja yuko darasa la nne na mwingine chekechea, na tunaishi Pasua pamoja na dada wa kazi. Mume wangu huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Mimi hufanya kazi kwa zamu, kwa hiyo zipo wiki ambazo tunapishana mlangoni kama walinzi.

Miaka miwili iliyopita alijiunga na kikundi cha kukimbia. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani, kisha hupitia supu na wenzake na kufika nyumbani saa tano. Sasa anajiandaa kwa kilomita 21 za mbio za Kilimanjaro mwezi Februari. Mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, lakini niliacha nilipojifungua mtoto wa pili. Kwaya hukutana Jumatano jioni na Jumamosi saa kumi jioni. Nikilalamika, huniuliza ni nani aliyenikataza kwenda, na husema kwamba yeye hunisaidia kazi za nyumbani kuliko wanaume wengi tunaowafahamu. Ni kweli hunisaidia, ingawa sare za watoto akizifua yeye mimi huzirudia, kwa kuwa hasugui kola.

Jumamosi iliyopita nilitoka zamu ya usiku nikakuta gesi imeisha, watoto hawajanywa chai, dada amekaa akisubiri mtu wa kumpa fedha, na raba mpya za mume wangu zimeanikwa kwenye nondo za dirisha la jikoni. Nilizitupa nje kwenye tope. Hatujazungumza vizuri tangu siku hiyo. Ninafikiria kumtaka achague, mbio au familia. Je, nitakuwa nimekosea?

Mama Wawili, Pasua

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kukuletea hasara kabla hata safu hii haijakufikia. Ndiyo, utakuwa umekosea. Ukimtaka achague, atachagua familia, na hapo ndipo taabu yako itakapoanza, kwa maana mwanamume aliyeacha kukimbia ili kukuridhisha atakaa sebuleni kila Jumamosi akikuonyesha jinsi alivyoacha. Na gesi itaisha vilevile.

Tena sina budi kumtetea kidogo. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, lakini wewe na mimi tunajua kwamba ukijumlisha vibao vya mwendo wa 50 kuanzia Boma Ng'ombe, abiria wa kushuka na kupanda Usa River, na msongamano wa Tengeru, safari hiyo huchukua saa mbili bila ajabu yoyote. Mtu anayekaa saa nne kwa siku ndani ya basi, na saa nyingine nane mbele ya vitabu vya hesabu, asiponyoosha miguu yake leo atakuja kuinyoosha kwako wodini. Mbio zenyewe zinapanda kuelekea Mweka, na kilima kile hakipandwi kwa nia njema tu. Ni lazima mtu ajiandae kwa miezi.

Hata hivyo, nimeisoma hesabu yako ya Jumamosi mara mbili. Anatoka saa kumi na mbili, anarudi saa tano. Hata mtu anayejiandaa kwa kilomita 21 akikimbia taratibu, mazoezi hayo kwa kawaida hayazidi saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu zilizobaki ni za supu. Kwa hiyo, mwanangu, ugomvi wako na mbio uache kabisa; kama ni ugomvi, hamishia kwenye supu.

Lakini sidhani kwamba hata supu ndiyo iliyokufanya uzitupe raba za watu topeni. Mimi nilikuwa na mume aliyependa bao. Kila siku saa kumi jioni alikuwa kijiweni Kaloleni, hapa Arusha, na mimi nililichukia bao lile kwa miaka mingi, hata siku moja nilizificha kete ndani ya debe la unga nikamwacha azitafute hadi giza likaingia. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba halikuwa bao lililoniudhi. Kilichoniudhi ni jinsi alivyosimama. Alikuwa anasimama, anavaa kofia, anatoka, hageuki nyuma, wala hajiulizi kama kuna moto jikoni au mtoto bafuni. Mimi nikitaka kwenda kumjulia hali dada yangu hapo Sanawari, nilikuwa naaga kama mtu anayehama.

Hicho ndicho ninachokiona katika barua yako. Jumamosi ya mume wako inajulikana na wenzake, na watoto, na dada, na bila shaka na muuza supu, na hakuna anayeuliza watoto watabaki na nani, kwa kuwa jibu linajulikana. Kwaya yako, kwa upande mwingine, haijakatazwa na mtu, lakini pia haijaandaliwa na mtu. Ili uende mazoezini ni lazima kwanza uitazame ratiba ya zamu, umwombe mwenzako mbadilishane siku, upike mapema, umwelekeze dada, umwambie mumeo Jumatatu na umkumbushe Ijumaa, na ukishamaliza yote hayo hamu ya kuimba imekwisha. Yeye ili aende mbioni hufunga kamba za raba. Akikuuliza tena ni nani aliyekukataza, usimjibu kwa hasira. Mhesabie hatua hizo moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba hajawahi kuziona.

Gesi nayo ni mambo hayohayo. Kununua gesi si kazi kubwa: bodaboda, robo saa, mtungi umefika. Kazi ni kujua siku ya Alhamisi kwamba mtungi wa kilo 15 uliouweka mwezi uliopita umebakiza siku mbili, huku unajua pia kwamba Ijumaa unaingia zamu ya usiku na kwamba mtoto wa darasa la nne anadaiwa daftari la hesabu. Kazi hiyo haina saa wala mtu wa kuipokea zamu, na haionekani mpaka siku inapokosa kufanyika. Mumeo anasema anakusaidia, na wewe umekubali kwamba ni kweli, lakini anayesaidia ni lazima awepo mwenye kazi, na neno hilo limekufanya wewe kuwa mwenye kazi bila kikao chochote kukaliwa. Ikiwa anadhani kazi za nyumba ni jambo dogo la hisani, basi ajue kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Sikutajii shauri hilo ili ukimbilie mahakamani kwa sababu ya raba. Nakutajia kwa sababu mumeo ni mhasibu, na mhasibu huelewa haraka zaidi anapoambiwa kwamba kitu fulani kina thamani ambayo hakuiingiza kitabuni.

Sasa nigeukie kola. Niliposoma kwamba unazirudia sare alizofua, niliweka barua chini nikacheka, halafu nikasikitika. Mwanangu, umemfundisha mwenyewe. Mtu anayefua akijua kwamba nyuma yake kuna fundi atakayerudia, hana sababu ya kusugua, na baada ya muda hana sababu ya kufua. Ninataka umkabidhi mambo mawili, na si zaidi ya mawili kwa kuanzia: gesi, na mambo yote ya shule. Ninaposema kukabidhi, ninamaanisha tangu kukumbuka hadi kumaliza, yaani sare, madaftari, vikao vya wazazi na ujumbe wa mwalimu unaoingia saa nne usiku. Namba itakayopokea ujumbe huo iwe yake. Kisha ufumbe macho, na hili ndilo gumu kuliko yote niliyoandika hapa. Mtoto ataenda shule siku moja na kola yenye mstari mweusi, mwalimu atatazama, jirani atatazama, na utatamani kufa. Vumilia. Siku gesi itakapoisha mikononi mwake, usinunue wala usikope kwa jirani. Mwoneshe jiko la mkaa lilipo, kisha endelea na shughuli zako.

Kuhusu kwaya, Jumatano nakushauri uiache kwa sasa, kwa kuwa mwenzio saa hizo bado yuko njiani na mzigo wote ungemwangukia dada. Lakini Jumamosi ina asubuhi na ina alasiri. Asubuhi yeye akimbie. Saa tisa na nusu wewe utoke, yeye abaki na watoto, na jambo hilo liwe la kawaida kama mbio zake, yaani lisiombwe upya kila wiki. Ratiba ya zamu ikitoka, kaeni nayo mezani jioni hiyohiyo, ninyi wawili, muandike mbio na kwaya kwa kalamu moja. Mahali zamu itakapoangukia saa za mazoezi, andikeni pia ni siku gani utapewa saa zako badala ya hizo, hata kama utazitumia kulala tu, maana saa zisizoandikwa hupotea.

Zipo Jumamosi ambazo lazima zipangwe kwa namna ya pekee, nazo ni zile unazotoka zamu ya usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitambua kazi inayofanyika kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na inaagiza ilipwe nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa saa hizo. Asilimia 5 ni kidogo mno, na wenye kukesha wodini wanalijua hilo kuliko mimi, lakini angalau sheria imekiri kwamba saa hizo si sawa na nyingine. Nyumbani kwako bado hazijakiriwa. Jumamosi ya namna hiyo mume wako akimbie, supu aiache, awe nyumbani saa mbili na nusu, awape watoto chai, na wewe ufungiwe mlango wa chumba hadi saa nane mchana. Wewe ni muuguzi, huna haja ya kuelezwa na mimi kwamba mtu aliyekesha hafai kuamua jambo lolote saa tatu asubuhi, hata hatima ya jozi moja ya raba.

Kuna mtu mmoja katika barua yako ambaye hajaniandikia, naye ni dada. Umemtaja mara mbili, mara ya kwanza kama sehemu ya anwani yenu na mara ya pili akiwa amekaa anasubiri fedha. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na dada wa kazi ni mfanyakazi. Nawaonya mapema, kwa kuwa nimeliona katika nyumba nyingi za hapa Arusha na huko kwenu: mume anapata mbio zake, mke anapata kwaya yake, wote wanafurahi na kusifiana, na siri ya amani yao ni msichana wa miaka 19 ambaye hajatoka getini tangu Pasaka. Siku yake nayo iandikwe kwenye ratiba ileile. Na wekeni fedha ya dharura ndani ya kopo jikoni, ambayo anaweza kuichukua bila kumsubiri mtu.

Mama mkwe usimwite katika jambo hili, wala mama yako mzazi. Bado halijafikia wazee, na Krismasi iko karibu. Mkipanda nyumbani mlimani mtakuta ndugu wa kutosha wa kuwahukumu bila kuitwa.

Zimebaki raba. Mtu aliyetoka kukesha namwelewa, lakini kutupa kitu cha mwenzio topeni ni kosa, na kosa lako huwezi kulisuluhisha kwa kuhesabu ya kwake. Uchaggani mkosaji huenda na jani la sale, na aliyepelekewa sale ni vigumu sana kukataa kusamehe. Sikuagizi ukakate sale kwa ajili ya raba. Zichukue leo, uzioshe kwa mikono yako, utoe tope lililoingia kwenye mistari ya soli kwa mswaki wa zamani, kisha uzianike palepale kwenye nondo za dirisha la jikoni. Wakati zinakauka, mpigie simu mwalimu wa kwaya umwulize nyimbo za Krismasi wamefikia wapi. Mumeo akirudi, mpe raba zake, umwombe radhi kwa kuzitupa, halafu mwambie kwamba Jumamosi hii saa tisa na nusu utaondoka, na kwamba gesi iliyomo mtungini kuanzia sasa ni yake.