Kuchora mabenchi ya umma Moshi: kazi iliyo chini ya picha

Mleta mada, umesema kikundi chenu cha wachoraji kimekubaliwa kupamba mabenchi kumi na mawili ya kata hapo Moshi, manane ya zege na manne ya mbao juu ya fremu za chuma. Umeuliza mnunue rangi gani, na kwa nini picha za kikundi kilichotangulia zilibanduka kabla ya mwaka kuisha. Nianze na hilo la pili, kwa sababu ukilielewa, la rangi linakuwa jepesi.

Rangi ikibanduka kama maganda, yaani inatoka kipande kizima na nyuma yake ni zege tupu, kosa halikuwa kwa mchoraji wala kwa jua. Ilikosa pa kushika, au ilisukumwa na maji kutoka ndani. Benchi la zege limesimama kwenye udongo, miguu yake inanyonya maji msimu wote wa masika, na maji hayo hupanda hadi kwenye kikalio. Ukilipaka pande zote, pamoja na chini, umeyafungia ndani. Jua likipiga, mvuke unatafuta njia na unainua rangi. Kwa hiyo upande wa chini wa kikalio uachwe mtupu kabisa, na miguu iachiwe sentimita kumi kutoka ardhini bila rangi. Watu watawaambia kazi haijaisha. Waelezeni, msikubali kupaka.

Kabla ya kununua chochote, pimeni unyevu. Kata nailoni nene ukubwa wa daftari, ibandike juu ya benchi kwa tepu pande zote nne, iache usiku na mchana. Ukiifunua ukakuta jasho ndani au zege limekolea rangi, benchi halijawa tayari. Kama kuna mabenchi mapya yaliyomwagwa zege karibuni, yapeni siku 28 kamili. Zege bichi lina ukali wa saruji ambao unaigeuza rangi ya mafuta kuwa kitu kama sabuni: inalainika, inanata, kisha inatoka kwa kidole. Ndiyo maana juu ya zege sishauri rangi ya mafuta iwe tabaka la kwanza, hata kama fundi wenu anaapa kwamba ndiyo ngumu zaidi.

Maandalizi yenyewe hayana siri, yana jasho. Brashi ya waya kwanza, mpaka vumbi la saruji lililolegea litoke lote. Mafuta ya kupikia, hasa kwenye mabenchi yaliyo karibu na wauza chipsi na mihogo, yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, yasuuzwe mara mbili. Ule unga mweupe unaotokea kwenye zege ni chumvi: usugueni ukiwa mkavu, mpake siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuzeni, muache likauke siku mbili tatu. Ukirudi tena, kuna maji yanaingia mahali, na hakuna rangi itakayoshinda hilo mpaka mpate yanapoingilia. Mashimo na kingo zilizovunjika zijazwe mchanga laini uliochekechwa, vipimo vitatu kwa kimoja cha saruji, pamoja na gundi ya kuchanganyia saruji inayostahimili maji. Gundi nyeupe ya mafundi seremala msiitumie nje, maana ikilowa inarudi kuwa maziwa. Mkiwa hapo, mwageni kikombe cha maji juu ya kikalio mtazame yanakotuama. Kidimbwi kidogo tu kinatosha kuua picha, kwa hiyo jazeni bonde hilo na mlipe mteremko kidogo kuelekea mbele.

Kama kuna rangi ya zamani ya mafuta, ikwangueni kwa msasa wa maji, si mkavu. Rangi za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi ya wote. Vaeni barakoa, tandikeni nailoni chini, mkusanye takataka yote.

Sasa vipimo. Benchi la zege la mita 1.8 lenye egemeo lina eneo la kupakwa karibu mita za mraba 3.5, chini ikiwa imeachwa. Zege linakunywa, hivyo lita moja ya praima, rangi ya kutangulia inayoshikisha nyingine, hufunika mita za mraba saba hivi: nusu lita kwa benchi. Rangi nyeupe ya msingi, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili), kama lita 0.8. Rangi ya juu isiyo na rangi, ile ya kulinda picha, mikono miwili kote na wa tatu kwenye kikalio, tena lita 0.8. Kwa mabenchi manane mnahitaji praima kopo la lita nne na la lita moja la akiba, nyeupe makopo mawili ya lita nne, na ya kulinda makopo mawili. Rangi za picha ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: makopo ya lita moja moja ya nyekundu, njano, bluu na nyeusi yanatosha mabenchi yote, mengine mtachanganya wenyewe.

Praima iwe ya ukuta, inayovumilia saruji. Rangi iwe ya maji ya akriliki ya nje. Ile ya bei ndogo ya ndani ina chaki nyingi na gundi chache, na kwa jua la Moshi inapauka na kutoa unga unaoshika kwenye nguo za anayekaa.

Rangi ya mafuta na ya maji zina utaratibu wake, na hapa vikundi vingi hugombana. Mafuta juu ya maji yaliyokauka vizuri inakubali. Maji juu ya mafuta inateleza, kisha inatoka, isipokuwa mmekwaruza kwa msasa namba 220 na kupaka praima ya kushikisha. Wachoraji wenu wa Tingatinga wamezoea rangi ya mafuta, na wana sababu nzuri: Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alichora kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya bodi za dari, na mng'ao ule ukawa sehemu ya mtindo. Waacheni waitumie, ila kwenye egemeo, juu ya msingi wa maji uliokauka siku saba. Kwenye kikalio hapana.

Hapo ndipo nina msimamo. Kikalio kisichorwe picha nzito. Mkanda, vifungo vya jinzi, mchanga wa viatu vya watoto vinakisugua kila siku, na rangi nyeusi au bluu iliyokolea ikipigwa na jua la Februari haikaliki mchana. Kikalio kipewe rangi za mwanga, krimu, njano ya mchanga, kijivu chepesi, na michoro ya kurudiarudia ambayo ikikwaruzika inazibwa na mtu yeyote. Kanga inafundisha mpangilio huo vizuri: pindo likimbie kwenye kingo za kikalio, mji uwe wazi katikati, na maneno, kama mnayataka, yakae kwenye egemeo. Picha yenye sura ya mtu, simba, mama na mtoto, iende kwenye egemeo pia. Hakuna mzee atakayefurahi kukalia uso wa binadamu. Bendera na nembo ya taifa ziacheni kabisa, zina sheria yake. Aya za misahafu vilevile.

Kila kikundi kitataka kuchora Mlima Kilimanjaro, na ni haki yao. Lakini angalieni picha mnayonakili. Ukisimama Moshi, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Picha nyingi za mtandaoni zimepigwa kutoka upande wa Amboseli, Kenya, na huko Mawenzi inaonekana kushoto. Mtu wa Rau au Kiboriloni ataiona kasoro hiyo kwa sekunde moja. Mimi ningependa zaidi kuona mgomba, buni nyekundu, na jani la isale, ambalo Wachaga hulitumia kuomba msamaha na kuweka mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani. Benchi lenye isale kwenye egemeo linasema kitu kwa watu wa hapo bila maneno yoyote.

Kuhusu kufifia: nyekundu na njano kali ndizo hufa kwanza, hasa zile zenye kung'aa kama plastiki. Nyekundu ya udongo, ile ya oksidi ya chuma inayotumika kwenye sakafu, haifi kwa jua. Ichanganyeni kwenye nyekundu yenu, hata kama inapunguza ukali. Nyeusi na bluu za kawaida zinavumilia. Mistari isiwe myembamba chini ya sentimita moja, kwa sababu benchi linatazamwa na mtu anayepita, na mstari mwembamba ndio wa kwanza kumegeka. Kwa kazi ya kurudiarudia kateni stensili, yaani kiolezo chenye matundu ya mchoro, kutoka filamu za zamani za eksirei. Zinaoshwa na kutumika tena, na hata wanafunzi wa msingi wanaweza kuzishika huku mkubwa akigonga sponji. Sponji iwe karibu kavu. Ikilowa, rangi inaingia chini ya stensili.

Tabaka la kulinda liwe akriliki ya maji ya nje, isiyong'aa sana, ila isipite juu ya picha za rangi ya mafuta kwenye egemeo, maana haitashika. Vanishi ya mbao msiiweke juu ya picha: inageuka njano, na bluu ya anga yenu itakuwa kijani. Pakeni nyembamba, mkono wa pili uvuke wa kwanza kwa msalaba, mkipishanisha kwa muda wa saa nne. Ikiwa nzito inabaki na ukungu mweupe ndani.

Mabenchi ya mbao ni habari nyingine, fupi. Mbao mbichi isipakwe. Vichwa vya mbao, pale msumeno ulipopita, ndiko maji yanakoingilia, kwa hiyo vipewe mikono mitatu ya praima wakati kwingine mnaweka mmoja. Vifundo vya paini vinatoa utomvu utakaopenya rangi nyeupe, basi hapo chagueni rangi za kukolea. Ikiwa mbao ni mninga au mtiki, nawasihi msiifunike: mchore egemeo tu, kikalio kipigwe mafuta ya mbao. Fremu ya chuma ikwanguliwe kutu hadi ing'ae, hasa kwenye maungio ya kuchomelea, ifutwe kwa thina, kisha redi oksaidi, praima ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Mkiacha hadi kesho, umande wa usiku umeshaianzishia kutu mpya. Bomba la mabati linabandua rangi ya mafuta: lioshwe kwa siki, lisuguliwe msasa, lipewe praima yake ya mabati.

Wakati: Januari na Februari, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei hayafai, na Juni na Julai ni baridi na manyunyu, rangi haikauki. Anzeni saa tatu asubuhi umande ukishakauka, mkono wa mwisho uwe umewekwa saa tisa alasiri. Mchana wa jua kali fungeni turubai juu, la sivyo uso unakauka kabla ya ndani na mnapata mikunjo. Wenzetu wa Arusha waongeze jambo moja: benchi lililo chini ya jakaranda lisichorwe linapochanua, maua yananata na kuacha madoa. Kamba na kibao cha "Rangi mbichi" vikae siku mbili, na bora watu wasikae kwa muda mrefu kabla ya wiki kuisha.

Vibali msivichukulie kama karatasi tu. Barua ianzie kwa mtendaji wa mtaa, ipite kwa mtendaji wa kata, ifike kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa afisa utamaduni, ikiwa na michoro midogo ya rangi ya kila benchi. Mabenchi yaliyo ndani ya hifadhi ya barabara yanahitaji ridhaa ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) au TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) kulingana na barabara. Mfadhili akitaka nembo yake kwenye egemeo, benchi linageuka tangazo, na matangazo yanalipiwa. Mpeni shukrani kwenye kibao kidogo, mkubaliane hilo kwa maandishi kabla hajatoa fedha. Na kila mchoraji asaini jina na mwaka. Kazi yenu inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini saini ndiyo inayorahisisha kudai pale picha inapotokea kwenye fulana za watalii.

Mgawanyo wa watu: wawili kwa benchi wakati wa kuchora, lakini siku za kusugua na kuosha wote muwe pamoja. Msiwaachie vijana wadogo kazi ya brashi ya waya halafu wakubwa waje na brashi ndogo. Anayejua zege lilivyosafishwa ndiye anayejua pa kuweka picha.

Mwisho ni akiba. Kila rangi mliyochanganya ijazwe kwenye chupa ndogo ya kioo hadi mdomoni, iandikwe benchi gani na mchanganyiko gani, ihifadhiwe kivulini ofisi ya kata. Baada ya masika ya kwanza pitieni mabenchi yote: yaosheni kwa sabuni, zibeni mikwaruzo, ongezeni mkono mmoja wa kulinda kwenye vikalio tu. Bajeti ya zoezi hilo, kopo moja la lita nne na nauli, iwekwe pembeni sasa, kabla fedha hazijaisha.