Kulala ryokan na kuwaona kima wa Jigokudani

SWALI: Mimi na mke wangu tutakuwa Nagano, Japani, mwezi Januari. Tunataka kulala ryokan, nyumba ya wageni ya kijadi, na kuwaona kima wanaooga maji ya moto. Tujiandae vipi?

JIBU: Laleni Yudanaka au Shibu, miji midogo ya chemchemi za maji moto. Hifadhi ya kima ya Jigokudani, iliyofunguliwa 1964, iko karibu, ila kutoka eneo la Kanbayashi mtatembea kilomita 1.6 msituni. Theluji iliyokanyagwa huganda ikawa barafu, kwa hiyo vaeni buti zenye soli inayoshika. Viatu vya mjini vitawaangusha. Nendeni asubuhi, kwani kima hawafugwi na jioni hurudi mlimani kulala. Msiwaguse, msiwape chakula, wala msiwakazie macho: kwao huo ni uchokozi.

Kwenye ryokan, viatu huachwa mlangoni, na hata ndara huvuliwa kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami. Choo kina ndara zake. Wageni wengi hujisahau wakatoka nazo hadi sebuleni.

Bafuni ndiko makosa huwa mengi. Kaeni kwenye kigoda, jisugueni, suuzeni sabuni yote, ndipo muingie bwawani, uchi, bila kuchovya taulo. Maji hayo ni ya wote. Kwa kawaida wanaume na wanawake huoga mbalimbali, hivyo ulizeni kama kuna bafu la faragha.

Yukata, vazi jepesi la kuvaa ryokan, hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu. Wa kulia juu ni wa maiti. Chakula cha jioni kina saa yake. Mkichelewa, pigeni simu mapema.