Prado ya Kila Siku: Inchi Mbili Zatosha

SWALI: Fundi, hujambo? Nina Prado 120 ya dizeli. Siku za kazi naiendesha kutoka Awasi hadi Kisumu, na Jumamosi naingia mashamba ya miwa kule Chemelil kutibu ng'ombe. Mvua ikinyesha inakwaruza tumbo. Nimeambiwa niiwekee speza, vile vipande vya kuwekwa juu ya springi za zamani, zipandishe gari inchi nne. Mama yangu, mzee wa magoti mabovu, huipanda pia kwenda kliniki. Nifanyeje?
Daktari wa mifugo, Awasi

JIBU: Sijambo, daktari. Inchi nne achana nazo kabisa.

Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari utafute alama za kukwaruzwa. Njia za miwa huchimbwa na matrekta yenye matrela: mitaro miwili mirefu, na katikati tuta la udongo mweusi. Mara nyingi kinachogonga tuta hilo ni difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Difu imo kwenye ekseli, na ekseli hubebwa na magurudumu. Hata uweke springi ndefu vipi, bodi itapanda na difu itabaki pale pale. Kinachoiinua ni tairi. Ukitoka 265/65R17 uende 265/70R17, kipenyo huongezeka kama milimita 27, kwa hiyo difu hupanda kama 13. Jua pia kwamba spidi ikisoma 100, unakwenda karibu 103.

Ukiona alama ziko kwenye chasisi, bampa au ngazi za pembeni, hapo springi zitakufaa. Weka inchi mbili, yaani milimita 50, springi pamoja na shokomzoba zilizotengenezwa kuendana nazo. Kama nyuma kuna mifuko ya hewa, kama zilivyo baadhi ya zilizotoka Japani, mwambie muuzaji mapema.

Speza haikupi springi mpya wala shokomzoba mpya. Inasukuma tu gurudumu la mbele liende chini zaidi. Ikizidi, shafti za mbele hukaa mshazari, buti zake, yaani vifuniko vya mpira kwenye maungio, huchanika, grisi inamwagika, na alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, inakataa kurudi mahali pake.

Muuzaji asipokuuliza unabeba nini kila siku, ondoka dukani kwake. Springi huchaguliwa kwa uzito. Mtungi wako wa nitrojeni wa kuhifadhia mbegu za ng'ombe na sanduku la dawa si mzigo mkubwa, na kama hujafunga bulbari ya chuma, chukua springi za mzigo mwepesi. Zile za mzigo mzito zitakurusha barabara nzima hadi Kisumu, na magoti ya mama ndiyo yatakayoumia. Mfungie ngazi ya chini kidogo pembeni, maana inchi mbili kwake ni nyingi.

Siku ya kazi, simama pale karibu na fundi. Bolti za mikono inayoshika magurudumu, ile yenye bushi za mpira, zikazwe mwisho gari likiwa chini, limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, gari likishushwa bushi hujisokota na baada ya muda hupasuka. Ni kosa ninaloliona mno, na linaniudhi, kwa sababu kuliepuka hakugharimu hata shilingi.

Ukitoka hapo nenda alaimenti siku hiyo hiyo. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili usikie kama tairi inagusa, kisha shusha mwanga wa taa za mbele, usije ukawapofusha wanaotoka Ahero usiku. Baada ya kilomita 1,000 hivi, rudi bolti zikaguliwe.