Jibu: Kampuni inabadilisha mradi wetu kila wiki, na msimbo wa programu tunayoandika ni wa nani?

Mdogo wangu, pole sana. Kampuni inayodhamini mradi wenu wa mwaka wa nne kuja na ombi jipya kila wiki, hayo nimeyapitia.

Tulikuwa watano, tunajenga mfumo wa stoo. Wiki ya tisa meneja wa kampuni iliyotudhamini akataka na malipo ya simu. Tukaitikia kwa heshima tu. Siku ya kuwasilisha, ukurasa wa malipo ulifunguka vizuri, lakini ukitoa mifuko kumi ya saruji, stoo bado inasoma idadi ileile. Iliniuma.

Kila ombi jipya liandikeni, mkadirie siku zake, kisha mumuulize mdhamini: kipi kitoke ili hiki kiingie? Hapo ndipo wengi hulegeza. Na azungumze nao mtu mmoja tu. Sisi kila mmoja alikuwa akipigiwa simu kivyake. Kila wiki mbili waonyesheni kitu kinachofanya kazi, hata iwe fomu moja.

Kuhusu msimbo, mkubaliane kwa maandishi sasa hivi, msimamizi akiwepo. Chuo cha Harvey Mudd kule Marekani, kilichoanza miradi ya namna hii 1963, mdhamini hulipa ada na kazi huwa mali yake. Wanafunzi wanalijua hilo mapema. Nyinyi je, mmelipwa chochote?

Kwenye barua ya makubaliano ya kampuni, anzeni kusoma kipengele cha usiri. Kinaweza kuwazuia hata kuweka picha za mfumo kwenye ripoti ya chuo.