Jibu: Chlorella na bakteria, kwa nini chupa imeharibika

Mkuu, umeuliza kwa nini Chlorella vulgaris (mwani mdogo wa kijani) uliyoichanganya na bakteria Azospirillum brasilense imekuwa nyeupe kama maji ya mchele na kuanza kunuka siku ya nne. Ni ile sukari uliyoweka. Bakteria huzaana upesi kuliko mwani. Azospirillum brasilense yenyewe haili glukosi vizuri, lakini bakteria wengine walioingia kwenye chupa huila, oksijeni inakwisha na mwani unalemewa. Waache Azospirillum wale kile ambacho mwani wenyewe unatoa. Malipo yao ni auksini, homoni inayochochea seli za mwani kukua.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuwafungia pamoja ndani ya punje za alginati, unga wa mwani wa baharini unaogeuka jeli ukikutana na kalsiamu. Koroga gramu 2 za alginati ya sodiamu katika mililita 100 za maji ya moto hadi mabonge yaishe (huchukua muda, usiwe na haraka), acha ipoe kabisa, tia mwani na bakteria waliokwisha kuoshwa, kisha dondosha kwa bomba la sindano ndani ya maji yenye kloridi ya kalsiamu asilimia 2 huku ukikoroga polepole. Ziache saa 1 zikaze. Zikilainika baadaye, shuku fosfeti kwenye mbolea yako: inazinyang'anya kalsiamu inayozishikamanisha.

Ikiwa unataka mafuta ya mwani, hasa huja nitrojeni kwenye mbolea ikipungua. Ukiibana mapema utapata seli nono lakini chache, hasara tupu. Kuza kwanza. Na weka pembeni chupa ya mwani mtupu, la sivyo hutajua bakteria wameongeza nini.